Gari-nyumba kuukuu Malindi: kutafuta mvujo na hitilafu ukiwa ughaibuni

Kwetu tulio ughaibuni na kuacha nyumbani gari-nyumba, yaani gari la kulala na kupikia ndani, habari ya mvujo huja kwa simu, mara nyingi masika yakiwa yamekolea mwezi wa Mei. Kwangu ilikuwa sauti ya dada: "Kaka, kitanda cha nyuma chote majimaji." Nikatuma pesa, fundi akapaka silikoni kuzunguka dirisha la paa lililo juu ya kitanda. Mwaka uliofuata maji yakarudi palepale, nikatuma tena. Hilo ndilo kosa ninalotaka wenzangu mliegeshe mbali nanyi: kulipia kuziba kabla ya kujua maji yanapoingilia.

Gari langu limejengwa juu ya Toyota HiAce na limezeekea huko Malindi, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Liko kwa dada, chini ya mwarobaini. Niliporudi likizo niliomba mpwa wangu aingie ndani na tochi na chaki, nami nikabaki nje na mpira wa maji. Anzeni chini. Mwagieni sehemu moja tu, dakika 5 hadi 10, kisha mpande: madirisha, pembe za ukuta, halafu paa. Mkianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hamtajua lolote. Wala msitumie presha ya kuoshea magari, kwani inasukuma maji hata kwenye kiungo kizima.

Dirisha la paa halikuvuja hata tone. Tulipofika kwenye reli ya turubai la kivuli, upande wa mbele kabisa, nikasikia, "Mjomba, simamisha! Maji yanakuja!" Kutoka pale hadi kitandani ni karibu mita 2. Gari lilikuwa limeegeshwa likiinamia nyuma, kwa hiyo maji yaliingia kwenye tundu la skrubu, yakafuata boriti ya ndani ya paa, yakadondoka mwisho wake. Nilipoifungua ile skrubu ilitoka imeliwa na kutu hadi kubaki nyembamba kama sindano ya kushonea makuti, na mbao iliyoishika nikaichomoa kwa kidole, nyeusi na laini kama machicha ya nazi.

Dawa yake ni kazi ya siku kadhaa. Reli yote ishuke. Silikoni ya zamani ikwanguliwe hadi iishe, maana hakuna kitu kinachoshika vizuri juu ya mabaki yake. Mbao iliyooza ikatwe, iwekwe mpya, kisha utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini ya reli, skrubu za stenlesi, na silanti (gundi ya kuzibia) ya poliyurethani kwenye kingo. Kama kuna sehemu ya plastiki, soma kwanza kopo, kwa kuwa baadhi ya silanti hupasua plastiki. Fanyeni kazi hii Januari au Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, na mbao ikauke kwelikweli. Ukiziba unyevu ukiwa bado ndani, umeijengea kuvu nyumba. Aliye nyumbani mwombe abonyeze kuta kwa kidole gumba kila mwezi, hasa chini ya madirisha na kwenye pembe. Panapobonyea pameshaoza.

Kama sakafu imelowa na mvua haijanyesha, tazama mabomba. Funga mifereji yote, washa pampu, kisha sikiliza. Pampu inayonguruma yenyewe kila baada ya dakika chache inakwambia kuna mahali presha inatoroka, au vali yake haifungi.

Kuhusu gesi nasihi kwa moyo wote: tundu za sakafuni zisizibwe, hata kama zinaingiza mchanga. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na hizo ndizo njia zake za kutokea. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Nyigu nao hupenda kujenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi la friji ya gesi, basi lichunguzwe kabla ya kuwasha.

Kwa injini, tandaza kadibodi kubwa chini ya gari usiku kucha, andika "mbele" upande mmoja, na asubuhi upigiwe picha yake juani. Doa jeusi au la kahawia kwa kawaida ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au usukani. La kijani au waridi lenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Unyevu mwepesi wa mafuta karibu na gurudumu huenda ni wa breki, na hapo gari lisisogee. Mafundi wa magari ya matatu wanaijua HiAce vizuri, lakini picha ile inakusaidia kuzungumza nao kuhusu kitu kimoja badala ya "angalia gari lote".

Taa zikififia au stata ikikataa, usinunue betri haraka. Hewa ya chumvi hula erthi, pale waya unapofungwa kwenye bodi. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi.

Gari likikaa miezi, hendibreki iachiwe na magurudumu yawekewe mawe, la sivyo breki zinagandamana. Mkanda wa taimingi, kama injini yako inao, huzeeka kwa miaka hata usipotembea. Matairi vilevile: tarakimu 4 za mwisho wa msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishwe kila miaka 2. Chujio la dizeli litolewe maji kabla ya kuwasha.

Ukifika likizo, usianze na safari ndefu ya Mokowe, kule Lamu. Vuka daraja la Sabaki, nenda Mambrui, rudi. Kisha zunguka ukisogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania, na fundi aifungue siku hiyohiyo.