Sungura wa Dodoma: anza na kivuli, kizimba kifuate

Wengi wanaotaka kufuga sungura hapa Dodoma huanzia kwa seremala. Wanatengenezewa kizimba kizuri, kinaezekwa bati, kinawekwa uani palipo wazi. Tangu Mei hadi Agosti mambo ni shwari. Oktoba ikiingia, jua likiwa la utosini na mvua bado hazijaanza, sungura wanaanza kufa mchana mmoja mmoja, na mwenye nao anahangaika kutafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo. Kinachowaua ni joto.

Sungura hatoi jasho. Joto la mwili wake hutoka zaidi kupitia masikio na pumzi. Anajisikia vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi. Zikipita 30 anateseka, na zikikaribia 35 anaweza kufa, hasa jike mwenye mimba kubwa. Oktoba na Novemba kwetu hufika nyuzi 30 kivulini, sasa piga picha hali ilivyo chini ya bati lililo shubiri moja tu kutoka mgongoni mwa mnyama.

Kwa hiyo tafuta kwanza mahali. Chini ya mwarobaini au mkungugu mkubwa panafaa sana. Kama huna mti, jenga banda lenye paa la juu, mita mbili au zaidi, kisha vizimba vikae ndani yake. Ukiezeka bati, tandaza chini yake dari ya mabua ya uwele au mtama. Baada ya mavuno mabua yapo tele na hayana gharama. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ncha fupi tu, na ncha hizo uzizibe. Upande mrefu wa kusini unaopigwa na upepo mkali wa kiangazi, ambao kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, jenga ukuta wa matofali hadi usawa wa vizimba. Juu yake acha wazi hewa ipite. Upepo wenye vumbi ukimpiga sungura moja kwa moja, mafua hayakawii.

Siku kali, lowesha magunia ya katani na uyatundike upande wa upepo, ila yasimdondoshee mnyama maji. Pwani, kwenye unyevu mwingi, mbinu hii haisaidii sana, lakini hewa yetu kavu hukausha maji upesi na upepo unaoingia bandani unapoa. Maji ya kunywa yasikatike hata saa moja. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku, kwa hiyo siku za mgao weka ndoo yake pembeni. Bakuli la udongo ni bora kuliko kopo: ni zito, halipinduki ovyo, na maji yake hayachemki.

Mjue aliyezidiwa. Utamkuta amejinyoosha sakafuni, anahema kwa kasi, masikio ya moto na mekundu kwa ndani, pua na mdomo vimelowa. Mhamishie kivulini taratibu, mpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mpe maji anywe. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi, mshtuko utammaliza. Na ukiona majike hawashiki mimba msimu huo, usikimbilie kuwauza. Joto huharibu mbegu za dume, na huenda akachukua hadi miezi miwili kurudi sawa.

Sasa kizimba chenyewe. Sungura mkubwa mmoja apate angalau sentimita 75 kwa 60, kimo 45 hadi 50. Jike wa kuzalisha mpe urefu wa sentimita 90 hadi 100. Sakafu iwe juu ya ardhi kama mita moja, ya wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, ili kinyesi kidondoke na kidole kisinase. Wavu mwembamba wa kuku usiuweke chini hata kama ni rahisi: unakata nyayo, na mbwa anauchana kwa usiku mmoja. Weka pia kipande cha ubao cha kupumzikia, ukisugue na kukianika juani kila wiki. Kinyesi cha chini kiondoe mara kwa mara. Ukiinama usawa wa kizimba na macho yakawasha, ujue sungura anavuta hewa hiyo usiku kucha.

Kuwaachia chumba kizima wachimbe mashimo siwashauri. Madume yatapigana hadi kuhasiana, hutajua nani kazaa na nani, na wanaokula juu ya kinyesi huugua koksidia, ugonjwa wa vimelea vya tumboni, watoto wakaharisha na kufa.

Miguu ya kizimba isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu. Mchwa wa huku watakula nguzo kabla ya mwaka, na siafu wakipanda usiku hawaachi kitoto. Ukuta wa chini uwe na wavu wa matundu madogo kuzuia panya, nguchiro na nyoka, na mlango uwe na komeo, si kamba.

Kila sungura mkubwa akae peke yake. Wakati wa kupandisha, jike ndiye apelekwe kwa dume. Mimba ni siku 31 hivi, basi siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia la sentimita 45 kwa 30, kimo 30, lenye nyasi kavu zisizo na ukungu. Juni na Julai ongeza nyasi, maana usiku ni baridi na vitoto huzaliwa bila manyoya. Oktoba toboa sanduku pembeni lipitishe hewa.

Wafugaji wengi wapya hudhani jike amekataa watoto kwa sababu hawamwoni akinyonyesha. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mbili, kwa dakika chache. Funua nyasi asubuhi utazame matumbo. La mviringo lililojaa limeshapata maziwa. Mwenye ngozi iliyokunjamana mhamishie kwa jike mwingine aliyezaa siku hizo hizo.