Namna ya Kuchunguza kwa Nini Kijiji cha Mlimani Kinazeeka

Anayetaka kueleza mabadiliko ya watu katika kijiji cha Kibosho, Marangu au Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, asianze na nadharia. Aanze na hesabu. Idadi ya watu hubadilika kwa njia nne tu, yaani kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama, na maelezo yoyote ya kisosholojia yasiyosema yanagusa njia ipi hayajaeleza kitu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na ile ya 2022 ikahesabu 1,861,934, ongezeko la takribani asilimia 13.5, ilhali Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, ambalo ni zaidi ya asilimia 37. Pengo hilo ndilo swali lako.

Hatua inayofuata ni kuchora piramidi ya umri ya kijiji kwa makundi ya miaka mitano, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Kitako kikiwa chembamba, uzazi umepungua. Kiuno kikibonyea kati ya miaka 20 na 40, vijana wameondoka. Wengi hudhani kijiji huzeeka kwa sababu wazee wanaishi muda mrefu zaidi, lakini kwa kawaida sehemu ya wazee katika jamii hukua hasa kwa sababu watoto wanaozaliwa ni wachache, na katika kijiji kimoja kuondoka kwa vijana huweza kuleta matokeo hayohayo hata pasipo mzee mmoja kuongezeka. Amua mapema pia nani ni mzee: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaanzia miaka 60, ilhali uwiano wa utegemezi, yaani idadi ya watoto na wazee ikilinganishwa na watu wa umri wa kufanya kazi, kwa kawaida huhesabu wazee kuanzia miaka 65, na kuvichanganya vipimo hivyo huharibu kazi yote.

Ukitumia takwimu za sensa, kumbuka kwamba sensa huhesabu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, nayo ya 2022 ilikuwa Agosti 23. Mwana anayefanya biashara Dar es Salaam na kurudi nyumbani kila Desemba hakuhesabiwa kwa mama yake, ingawa kijijini kila mtu humtaja kuwa wa pale. Kwa hiyo nenda nyumba kwa nyumba ukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, amkia wazee ipasavyo, kisha uliza kuhusu watoto wote waliozaliwa katika kaya hiyo, walio hai na waliofariki: kila mmoja yuko wapi, aliondoka akiwa na umri gani, aliondokea nini, na hutuma nini nyumbani.

Hapo ndipo nadharia inapokuwa na kazi. Ravenstein, mtafiti wa uhamaji aliyeandika mwaka 1885, aliona kwamba wahamaji wengi huenda masafa mafupi na kwa hatua. Pima kama watu wako walipitia Moshi mjini au Arusha kabla ya kufika mbali. Maelezo ya msukumo na mvuto, yaani yale yanayomfukuza mtu kwao na yanayomvuta kwingine, yana manufaa, lakini yakibaki peke yake humfanya kila kijana aonekane kama mpiga hesabu asiye na ukoo. Kwa maoni yangu, mlimani ni lazima uanzie kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio waliopewa kipaumbele katika urithi, na wa mwisho ndiye aliyebaki na boma la wazazi. Wa kati walitafuta ardhi au riziki kwingine, na mabinti kwa kawaida hawakurithi kihamba. Ardhi ilipozidi kugawanyika, na bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mfumo wa kimataifa wa kugawia nchi viwango vya kahawa ya kuuza nje kuvunjika mwaka 1989, hata aliyerithi alikosa sababu ya kubaki. Ndiyo maana kauli kwamba vijana wamekuwa wavivu haifai kuandikwa katika ripoti yoyote: inawalaumu watu kwa mfumo waliozaliwa ndani yake.

Usiishie kwenye waliokwenda. Kwa kila kaya ya mzee andika anayemchotea maji, anayempeleka zahanati, kama fedha hufika kwa simu au hazifiki, na kama analea wajukuu. Tenga bibi anayeishi peke yake na yule anayeishi na wajukuu watatu, kwa kuwa uwiano wa utegemezi huwaweka pamoja, ingawa mmoja anahitaji mtu wa kumtazama usiku na mwingine anahitaji ada ya shule.