Kupanda bitiruti uani Mombasa

Bitiruti hupenda ubaridi, kwa hiyo hapa Mombasa ni vyema kuipanda kati ya Juni na Agosti, joto linapopungua, na kuiwekea kivuli cha makuti dhidi ya jua la alasiri. Changanya udongo wa kichanga na samadi iliyooza vizuri, roweka mbegu usiku kucha, kisha uzifukie kwa kina cha sentimita 2. Kila punje ni kishada cha mbegu kadhaa, ndiyo maana miche huchipuka imesongamana; ipunguze ibaki nafasi ya sentimita 10, la sivyo utavuna majani matupu, ambayo, kusema kweli, ni mboga tamu kama mchicha. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo huyavumilia ikishakomaa, ila miche imwagilie maji yasiyo na chumvi. Ng'oa baada ya wiki 8 hadi 10, na unapokata majani bakisha vikonyo vya sentimita 3, rangi isivuje sufuriani.