Una shamba au msitu Maine? Omba kodi ya ardhi ipunguzwe

Ndugu zangu mlionunua eneo nje ya Lewiston au Portland, jimbo la Maine, Marekani, tafadhali msilipe kodi ya ardhi kama watu wenye viwanja vya kujenga wakati nyie mnalima na kutunza miti. Sheria ipo, ya msitu ipo tangu 1972, ardhi inathaminiwa kwa kile inachozalisha na siyo kwa bei ya sokoni.

Anza kwa kupima ulichonacho. Msitu uwe angalau ekari 10 za miti ya kuvunwa kibiashara. Shamba ni ekari 5 zinazoungana na liingize angalau dola 2,000 kwa mwaka kabla ya kutoa gharama, iwe mwaka mmoja kati ya miwili iliyopita au mitatu kati ya mitano. Na hii wengi hawaijui, hata mazao mnayokula nyumbani thamani yake inahesabiwa humo, kwa hiyo mahindi na mboga za familia andika kwenye daftari pamoja na risiti za mauzo. Ukiwa ndo unaanza kilimo unaweza kuomba nafasi ya muda ya miaka 2.

Wa msitu tafuteni mtaalamu wa misitu mwenye leseni awaandalie mpango wa usimamizi, huo unafanywa upya kila miaka 10. Mtafuteni mapema jamani, maana bila mpango hakuna maombi.

Halafu jaza fomu, weka ramani inayoonyesha sehemu za miti na aina zake, peleka kwa mthamini wa kodi wa mji wako kabla au ifikapo Aprili 1. Nyumba na kiwanja chake haviingii.

Sasa kabla hujasaini kaa na familia muongee, kwa sababu kuitoa ardhi kwenye utaratibu huu wa kodi kuna faini kali. Tuseme msitu bei yake sokoni ni dola 60,000 na kwa hesabu ya miti ni 5,000, ukiutoa ndani ya miaka 10 ya kwanza faini inaanzia asilimia 30 ya ile tofauti, yaani dola 16,500, baada ya hapo inashuka asilimia 1 kila mwaka mpaka ifike asilimia 20. Kama mna mpango wa kumkatia kijana kiwanja cha kujenga, hicho kipande msikiandikishe kabisa.

Na ukinunua msitu ambao tayari umeandikishwa, una mwaka mmoja wa kupeleka kiapo kwamba una mpango mpya au unafuata ule wa mwenye zamani.