Vipande vya kitenge: pasi kwanza, cherehani baadaye

Jamani, kama una mfuko wa vipande vya vitenge ulivyokwisha kuvikata sentimita 12 kwa 12, usiviache viliwe na panya. Ukitoa sentimita 1 ya mshono kila upande, kipande kinabaki 10. Blanketi la mita 1.5 kwa 2 litakula vipande 300, yaani safu 20 za vipande 15.

Shona safu mojamoja, halafu hapa ndipo penye kazi: safu ya kwanza piga pasi mishono yote ilalie kulia, ya pili ilalie kushoto, ya tatu kulia tena. Ukiziweka safu mbili uso kwa uso, papasa kila kiungo kwa kidole. Utasikia mishono inajibana yenyewe, haisogei. Choma pini hapo hapo, ndipo ushone. Pembe nne zitakutana sawasawa, hata kwa mkono ambao bado unajifunza.

Kitenge kipya, hasa chekundu, kiloweke peke yake kabla ya kukikata. Mimi hubadilisha maji mpaka yabaki meupe, maana kikichujia kipande cheupe ndani ya blanketi lililokwisha, rangi haitoki.