Kutafuta kitabu maktaba mpya ya Mlimani bila kuzunguka

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa mpigo. Kuingia humo huku unajua jina la kitabu tu ni kujitafutia uchovu. Unachohitaji ni namba yake ya rafu, inayoonyesha kinapokaa.

Ipate kwenye katalogi ya mtandaoni kabla hujafika. Andika jina la ukoo la mwandishi na neno moja la kichwa cha kitabu, basi. Ukiandika kichwa kizima, herufi moja ikikosewa hupati kitu. Ukitafuta kwa mada, jaribu na Kiingereza, maana hata vitabu vya Kiswahili mada zake huandikwa hivyo. Kwa historia ya kabla ya 1964 andika pia Tanganyika.

Tuseme umepata DT 444 .M38 1979. Inakili yote, pamoja na nukta. DT ni historia ya Afrika, na Tanzania inaanzia 436. Lugha ya Kiswahili iko PL 8701 hadi 8704. Kwenye rafu fuata herufi kwanza, kisha namba inayofuata, ambayo ni namba nzima: PL 871 inatangulia PL 8702.

Kinachowapoteza wengi ni kipande cha baada ya nukta. Hicho ni desimali. .M38 inakaa kabla ya .M4, kwa sababu 0.38 ni ndogo kuliko 0.4. Anayesoma "thelathini na nane" atakitafuta baada ya .M4, akikosa aseme kimeibwa, kumbe amekipita hatua mbili nyuma. Mwaka wa mwishoni hutenganisha matoleo tu.

Kama hakipo, kagua rafu ya juu na ya chini yake, halafu meza za jirani na kitoroli cha vitabu vinavyosubiri kurudishwa. Bado? Mpe mkutubi namba uliyoandika, usimwelezee rangi ya jalada.

Namba ikitanguliwa na EAF, usihangaike na rafu za kawaida: hicho ni cha mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na husomewa humo humo, hakiazimwi. Nenda na daftari.