Komoro kwa mpangilio: mlima kwanza, kasa baadaye

Anayetaka kuona volkano hai na kasa wakitaga ndani ya safari moja hana haja ya kuvuka nusu ya dunia. Komoro iko hapo mlangoni, kama saa moja na nusu angani kutoka Dar es Salaam, na bado Watanzania wengi wanaijua kwa harusi na biashara tu. Mimi ni Mzanzibari mwenye bibi wa Kingazija, na kazi yangu ni kupeleka vikundi vidogo kule, watu sita au saba kwa wakati mmoja. Haya ndiyo ninayowaeleza wateja kabla hawajatoa hata shilingi.

La kwanza ni mpangilio wa visiwa. Vyote vimezaliwa na volkano, ila si kwa wakati mmoja. Ngazija, upande wa magharibi, ndicho kichanga, na mlima wake bado unafanya kazi. Maore, mashariki kabisa, ndicho kizee. Mwali na Nzwani viko katikati kwa umri. Safari yako ifuate umri huo, uanze na Ngazija. Utatembea juu ya mwamba mweusi ambao haujapata hata mto mmoja, kisha utashuka Mwali kwenye mabonde yenye udongo mwekundu, vijito na misitu, na kila utakachokiona kule kitakuwa na maelezo yake. Wanaoanza Mwali kwa sababu ya fukwe wakifika Ngazija huona mawe matupu.

Pia kuna sababu ya kawaida kabisa. Mlima unataka anga safi na kuvuka bahari kunataka utulivu, na vyote viwili vinaweza kukuweka ukingoja. Ukiuweka mlima mwanzoni, siku zako za akiba zinabaki nyuma yake, ukazitumie unapozihitaji.

Kuhusu majira, mimi nachagua Septemba na Oktoba. Masika ya kule huanza na kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndio wakati wa joto, mvua na vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija mwezi Aprili 2019. Juni na Julai ni pakavu lakini kusi huvuma kwa nguvu na boti hazitoki kila siku. Julai na Agosti kuna jambo jingine, nalo ni harusi kubwa. Wangazija wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani kwa maelfu, ndege hujaa, na chumba Moroni, mji mkuu, hakipatikani kwa bei ya kawaida. Kama una ndugu wa kukualika harusini, nenda Agosti na usahau volkano. Septemba wageni wameondoka, upepo umelegea, na nyangumi bado wapo.

Pesa chukua yuro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, karibu faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo hutahangaika na viwango. Badilisha Moroni kiasi cha kutosha safari nzima. Ukishavuka kwenda Mwali usitegemee kadi.

Sasa mlima. Karthala una urefu wa mita 2,361 na mdomo wake mkubwa, yaani kreta, una upana wa kilomita tatu kwa nne hivi. Huu si mlima uliolala. Mwaka 1977 lava ilishuka upande wa kusini-magharibi ikafukia nyumba za kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaingia kwenye mabirika ya maji ya mvua. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mwamba wa Ngazija hunyonya mvua yote na vijiji vingi havina maji mengine. Kabla ya kupanda, kiongozi wako apate habari za mlima kutoka kituo cha kuangalia volkano kilicho chini ya CNDRS, taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi, pale Moroni. Asiyejali kufanya hivyo, tafuta mwingine.

Njia ninayoipenda huanzia Mvouni, juu ya Moroni. Wenye mapafu mazuri hupanda na kushuka siku moja, wakitoka kabla ya alfajiri. Mimi siungi mkono. Utafika juu umechoka, ukungu umeshafunga, utapiga picha mbili za weupe mtupu na kugeuka. Lala juu usiku mmoja. Ukungu hupanda adhuhuri na mara nyingi huondoka usiku, na kreta huonekana vizuri alfajiri, wakati wale wa siku moja bado wako chini njiani.

Maji ubebe kutoka chini, lita tano kila mtu, kwa sababu njiani hakuna hata tone. Lipia mpagazi, usijifanye ngamia. Chukua sweta na koti la mvua hata kama Moroni unatoka jasho umekaa, kwani usiku juu kuna baridi ya kweli. Viatu viwe na soli nene. Lava iliyopoa ina makali, na raba za mtumba huchanika hapo hapo. Glavu za bustani ni msaada mkubwa kwa anayeteleza na kushika mwamba.

Utapita kwanza migomba na mashamba, kisha msitu, na hapo punguza mwendo. Ndani ya msitu huu kuna ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kuna mramba wa Ngazija, mweusi wa mkia wenye panda, na kuna bundi mdogo wa Karthala anayeishi kwenye mlima huu peke yake. Wanaolala juu humsikia usiku, sauti fupi inayorudiwa bila kuchoka. Mwambie kiongozi unataka kumsikia, mpige kambi karibu na ukingo wa msitu.

Juu ya msitu miti inakuwa mifupi, migumu, yenye majani kama sindano, halafu inakwisha na unabaki na majivu. Chini ya kiatu yanavunjika kwa sauti kavu. Ukiinama uyachote utaona si vumbi, ni punje punje nyeusi, nyingine zina vitundu vidogo ambamo gesi ilitokea. Hapo kuna sheria moja ninayoisimamia bila huruma. Ukingo wa kreta haukaribiwi. Kinachoonekana kama ardhi ngumu kinaweza kuwa majivu yaliyorundikana juu ya hewa. Simama anaposimama kiongozi. Harufu ya kiberiti ikiwa kali na kichwa kikaanza kuuma, shukeni, picha zitasubiri.

Baada ya mlima pumzika siku nzima, ndipo uende Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija. Boti za faiba huvuka kutoka hapo hadi Hoani, Mwali. Zipo pia ndege ndogo kati ya visiwa, lakini ratiba zake hubadilika, kwa hiyo uliza Moroni siku mbili kabla. Ukichagua boti, toka asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, vaa jaketi okozi tangu ufukweni, na ukae nyuma karibu na mashine kwa sababu mbele ndiko kunakopigwa na mawimbi. Begi lote liwe ndani ya mfuko wa nailoni. Nahodha akisema leo haiendeki, usimwongezee pesa. Mwambie asante na urudi ukanywe chai.

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, na kwangu ndicho chenye thamani zaidi. Tangu 2001 upande wake wa kusini una hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, na vijiji vyenyewe vilishiriki kuianzisha. Mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kuwa hifadhi ya baiolojia. Hayo ni ya kwenye karatasi, lakini utayaona kwa macho ukifika kijiji cha Itsamia.

Itsamia lala angalau siku mbili. Kasa hutaga mwaka mzima na kijiji kina jumuiya inayowalinda na kuwapangia wageni viongozi wa usiku. Nenda moja kwa moja kwao, lipa kwao, upewe mtu. Uliza maji yanajaa saa ngapi, maana kasa hupenda kupanda maji yakiwa juu. Vaa nguo nyeusi au za kijani iliyoiva. Zima simu kabisa, kwani hata mwanga wa kioo humgeuza kasa akarudi baharini na mayai yake tumboni.

Kiongozi atakutangulia hadi aone alama mchangani, pana kama za tairi la trekta. Alama zikipanda bila kushuka, kasa yuko juu. Hapo mnakaa chini, mbali, na kungoja. Kungoja huku kunaweza kuchukua saa nzima na ndipo wengi hushindwa. Kasa anapopanda na kuchimba ni mwoga sana. Anaanza kwa mapezi ya mbele, anarusha mchanga hadi mwili wote uzame kidogo. Kisha mapezi ya nyuma yanachimba shimo la mayai, moja linachota, jingine linashikilia, yanapokezana bila yeye kuona anachofanya. Anapoanza kutaga ndipo hasimami tena, na hapo kiongozi atakuita umfuate kwa nyuma, kamwe si mbele ya kichwa. Mayai ni kama mia moja, meupe, laini, yanadondoka mawili matatu kwa pamoja. Macho yake yatatoa machozi mazito. Ni chumvi anayoitoa mwilini. Usimguse, usimpige picha ya flashi, na mtoto mdogo asiyeweza kunyamaza abaki kulala.

Amka tena alfajiri. Wapo waliochelewa wanaoburura miili kurudi majini, na ukibahatika utakuta watoto waliotoka shimoni baada ya miezi miwili hivi ya kukaa mchangani. Usiwabebe kuwapeleka baharini. Kunguru na kaa wakiwepo, simama tu, watembee wenyewe. Na usikubali nyama ya kasa kutoka kwa mtu yeyote, hata kama umekaribishwa kwa heshima. Vijana wa Itsamia wanakesha ufukweni kupambana na biashara hiyo.

Kutoka hapo tembea hadi Dziani Boundouni, ziwa ndani ya kreta ya zamani iliyozungukwa na msitu, kisha nenda Nioumachoua. Mbele ya kijiji hicho kuna visiwa vidogo na boti za wavuvi watakaokupeleka. Nyangumi wa nundu huwepo kuanzia Julai hadi Oktoba, mara nyingi mama na mtoto. Mwambie nahodha azime mashine mbali, asiwafukuze, na asipite katikati ya mama na mwanawe. Karibu na Ouallah muulize kiongozi akupeleke kwa popo wa Livingstone, mweusi, mbawa zake zikinyooshwa hupita mita moja na robo. Wanapatikana Mwali na Nzwani tu. Mchana huning'inia kwenye miti ya mteremkoni, na alasiri baadhi huelea juu ya bonde bila kupiga mbawa. Chukua darubini na usipige kelele wala makofi ili waruke.

Nzwani nitaipitia haraka. Mji mkongwe wa Mutsamudu mtu wa Unguja atauzoea kwa dakika tano, ziwa la Dzialandzé liko juu milimani, na kwenye viwanda vidogo vya langilangi utaona maua ya asubuhi yakichemshwa ndani ya mitungi mikubwa ya chuma au shaba.

Maore iache. Iko chini ya Ufaransa, ina viza yake, na mkondo kati yake na Nzwani umezika watu wengi waliovuka kwa boti ndogo.

Adabu za kule ni zetu, nguo za heshima vijijini na hodi kabla ya kuingia uani. Mzee msalimie kwa kwezi, atakuitikia mbona, na mengine ya safari yatakuwa mepesi.

Panga usiku mbili za mwisho Moroni, usitoke Mwali na kupanda ndege ya nyumbani siku hiyo hiyo. Bahari ikikupa siku hizo bure, nenda makumbusho ya CNDRS ukamwone gombesa, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosau hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akavuliwa Nzwani mwaka 1952. Na kama likizo yako ni fupi na lazima upunguze kitu, punguza Nzwani. Itsamia isiguswe.